Wasomaji Wauliza: Shepadi, masikio yake, kupe wake na banda lake

Barua nyingi za safari hii zinamhusu mbwa mmoja: Shepadi wa Kijerumani, ambaye hapa Uganda wengi humwita tu mbwa wa polisi, na wazee bado humwita Alsesheni. Tumechagua sita. Majibu yameandaliwa na madaktari wa mifugo na wakufunzi wa mbwa wanaoandikia safu hii.

Nimeonyeshwa mtoto wa shepadi wa wiki tano. Muuzaji anaapa ni damu safi, lakini masikio yamelala na mwili karibu wote ni mweusi. Ananiambia nimpe vidonge vya kalsiamu masikio yasimame. Nimwamini? — Mama wa watoto watatu, Entebbe

Mama, masikio na rangi visikusumbue. Kinachotutia shaka sisi ni hizo wiki tano.

Kila shepadi huzaliwa masikio yamelala. Huanza kuinuka taratibu, mara nyingi moja likitangulia, halafu mwezi wa nne au wa tano, meno ya utoto yanapong'oka, yanaweza kuanguka tena. Hapo ndipo watu hukimbilia kalsiamu. Sikio husimamishwa na gegedu na misuli, si mfupa, kwa hiyo kalsiamu haitalisaidia. Itakachofanya ni kuharibu miguu: mtoto wa mbwa wa umbo kubwa hawezi kuizuia kalsiamu ya ziada isiingie mwilini, na mifupa yake hukua vibaya, viungo vikapinda. Mwachie vitu vya kutafuna, usimkunje wala kumvuta masikio, na subiri mpaka miezi sita au saba. Rangi nayo hubadilika. Vitoto vingi huzaliwa vyeusi, kisha weusi hurudi nyuma na rangi ya hudhurungi huonekana kwanza miguuni na usoni.

Sasa wiki tano. Katika wiki ya tano hadi ya nane mtoto wa mbwa hujifunza kwa mama na ndugu zake jinsi ya kupima nguvu ya meno: akimng'ata nduguye kupita kiasi, mwenzake hulia na mchezo huisha. Anayetolewa kabla ya hapo hukosa somo hilo, na watakaomlipia ni watoto wako. Mwambie muuzaji asubiri mpaka wiki nane. Akikataa, mwache abaki naye.

Omba umwone mama mtu kwa macho yako. Kama amefichwa, au amefungwa kwa sababu hakaribiki, ondoka, maana woga na ukali hurithiwa. Mtazame mgongo pia: asiwe mbwa anayetembea kama anataka kukaa. Kuhusu ukubwa, kiwango cha aina hii kinajulikana: dume sentimita 60 hadi 65 begani na kilo 30 hadi 40, jike sentimita 55 hadi 60 na kilo 22 hadi 32. Anayejisifu kwamba wake hufika kilo 55 anakuuzia mzigo ambao nyonga hazitaubeba. Na "damu safi" bila cheti cha nasaba ni maneno ya mdomoni tu.

Kadi ya chanjo iwe na stika ya chupa ya dawa pamoja na sahihi ya daktari. Chanjo ya kwanza ni wiki ya 6 hadi 8, hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16, na ya kichaa cha mbwa ni akiwa na miezi mitatu. Mpaka zikamilike, usimshushe chini kando ya barabara wala sokoni, kwa sababu virusi vya parvo, vinavyoua watoto wa mbwa kwa kuharisha, hukaa udongoni miezi mingi. Lakini usimfungie ndani pia. Mbebe mikononi aone boda boda, wanafunzi wenye sare, mvua juu ya mabati, mtu mwenye mwavuli. Asichokiona kabla ya wiki ya 14 hivi, ukubwani huwa anakiogopa.

Tuna shepadi dume wa miaka miwili. Mchana yuko bandani, saa 3 usiku tunamfungua alinde. Amekuwa mkali kupita kiasi. Anakimbizana na boda boda akiwa ndani ya ukuta, juzi alimng'ata kijana wa kazi kisigino, na kampuni ya ulinzi ikibadilisha askari, yule mpya hathubutu kutoka kwenye kibanda chake. Tumuuze? — Familia, Mbarara

Msimuuze kwanza. Kabla ya lolote, huyo kijana: kama jeraha halikusafishwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 au hakufika hospitali, aende leo, aeleze kwamba ni mbwa. Mbwa naye awekwe chini ya uangalizi kwa siku 10. Asiuawe wala kuhamishwa katika siku hizo, kwa sababu mbwa aliye hai na mzima siku ya kumi ndiye jibu kwamba hakuwa na kichaa siku aliyong'ata.

Tukija kwenye tabia, inafaa mjue mbwa huyu alitengenezwa kwa kazi gani. Mwaka 1899, kwenye maonyesho ya mbwa huko Karlsruhe, ofisa wa zamani wa jeshi la farasi, Max von Stephanitz, alinunua mbwa wa wachungaji aliyeitwa Hektor Linksrhein, akambadilisha jina kuwa Horand von Grafrath, akamwandikisha wa kwanza katika daftari la chama alichokianzisha. Mbwa wa aina hiyo walikuwa wakichunga kondoo katika mashamba yasiyo na uzio. Malisho huku, ngano kule, na katikati mfereji mdogo tu. Kazi ya mbwa ilikuwa kukimbia mwendo wa mchakamchaka juu ya mstari huo kutwa nzima, kwenda na kurudi, na kondoo aliyevuka alibanwa kwa meno kidogo na kuachiwa. Mbwa ndiye aliyekuwa uzio.

Someni tena barua yenu. Ukuta wenu ndio mfereji wake. Boda boda ni kondoo anayetoroka, na kisigino cha kijana ndicho kilichokuwa kikivuka. Hana wazimu. Ana kazi ndani ya damu, na hakuna aliyempa.

Banda la kutwa ndilo linalomharibu. Mle ndani anasikia kila mtu anayepita bila kuweza kwenda kumnusa. Anabweka, mpita njia anaendelea na safari yake, na mbwa anaamini ni yeye aliyemfukuza. Mara hamsini kwa siku anafundishwa kwamba ukali unafanya kazi. Usiku mnamtoa akiwa amejaa nguvu za saa 15, anabwekea panya na upepo, nanyi mnazoea kutomsikiliza. Mwizi anafurahia nyumba ya namna hiyo. Mbwa aliyetembezwa, aliyezoea kelele za mtaa, hulala kibarazani na akibweka mnajua kuna jambo.

Anzeni hivi. Saa 12 asubuhi kabla ya jua kuwaka, atembezwe dakika 40 kwa kamba ya mita mbili. Jioni vivyo hivyo. Chakula chake cha asubuhi, nusu msimpe kwenye bakuli. Kitawanyeni kidogo kidogo kwenye nyasi akitafute kwa pua. Dakika 20 za pua humchosha shepadi kuliko mbio. Kisha mafunzo ya dakika tano tano, mara tatu kwa siku: kaa, lala, njoo, acha. Neno moja kwa jambo moja, nyumba nzima. Baba akisema "kaa" na shangazi akitumia Kinyankole kwa jambo lile lile, mbwa anabahatisha, na akikosea anapigwa kwa kosa lisilo lake. Zawadi iwe ini la kuchemsha lililokatwa vipande vya ukubwa wa punje ya maharage.

Kwa boda boda, simameni naye mbali na barabara, mahali anapozisikia lakini bado anaweza kula. Pikipiki inapita, anapata kipande. Siku anayokataa kipande mmekaribia mno, rudini nyuma hatua kumi. Kila baada ya siku tatu nne sogeeni kidogo.

Askari ni suala la utaratibu. Siku ya kwanza mwenye mbwa na askari mpya watembee pamoja nje ya geti dakika 15, bega kwa bega, mbwa upande wa pili, askari asimtazame machoni wala asimnyooshee mkono. Waingie ndani pamoja. Siku zinazofuata askari adondoshe vipande vya ini chini anapopita karibu na banda. Akishaona mkia umelegea na mdomo umefunguka, yeye ndiye ampelekee chakula cha jioni, siku saba mfululizo, mwenye mbwa akiwa karibu. Ni baada ya hapo tu ndipo amfungulie peke yake. Na waambieni kampuni mnataka askari wawili wasiobadilishwa ovyo. Ninyi ndio mnaolipa.

Fanyeni haya wiki nane kamili. Mabadiliko ya kwanza huwa ni usingizi: ataanza kulala mchana. Akiendelea kung'ata hata baada ya hapo, mwiteni mkufunzi nyumbani amwone mbwa akiwa kwake. Kuhasi peke yake hakuondoi ukali unaotokana na woga.

Joto la hapa halimwachi mbwa wangu. Nimnyoe? — Jinja

Hapana. Shepadi ana manyoya ya tabaka mbili: ya nje hukinga jua na maji, ya ndani laini hushika hewa. Ukimnyoa, jua linaifikia ngozi, na ya nje hayaoti tena sawasawa. Mchane mara tatu kwa wiki, kuanzia ngozini, ili yale laini yaliyokufa yatoke. Kivuli, sakafu ya saruji na maji safi vitamtosha. Akihema sana huku anayumba, mmwagie maji ya kawaida tumboni na miguuni, mpepee, kisha mkimbize kwa daktari.

Chakula cha dukani ni ghali. Wangu ana miaka mitatu na kilo 30, nampa posho (ugali wa mahindi) na mukene (dagaa). Yatosha? — Arua

Yatosha, ukipima na ukisafisha. Kwa siku, mbwa wa kilo hizo asiye na kazi nzito: unga wa mahindi gramu 250 kabla ya kupikwa, mukene mkavu gramu 150, kijiko kimoja cha mafuta, na konzi moja ya dodo (mchicha) au boga lililochemshwa. Gawa mara mbili. Mara moja kwa wiki punguza mukene, weka ini gramu 100. Usimpime kwa macho: pitisha vidole ubavuni. Mbavu ziwe zinagusika kama vifundo vya nyuma ya mkono wako uliokunjua. Ukilazimika kubonyeza ili uzipate, punguza posho. Akila sana bado akakonda, na kinyesi kikawa kingi, cheupecheupe chenye mafuta, mpeleke apimwe kongosho. Ni ugonjwa unaowapata shepadi zaidi ya mbwa wengi.

Mukene mwingi huanikwa juu ya mchanga ufukweni. Loweka dakika 10, koroga, kisha uwatoe kwa mkono kutoka juu, mchanga ubaki chini. Usimwage maji na samaki pamoja kwenye chujio, mchanga utarudi humo humo. Rudia mpaka maji yawe meupe. Kwa kuwa huliwa mzima na miiba yake, mukene anatosheleza kalsiamu. Siku unazompa nyama isiyo na mfupa, saga ganda la yai lililokaushwa liwe laini kama unga, nusu kijiko cha chai kwa kila nusu kilo ya nyama.

Hatari kubwa iko kwenye unga. Mahindi yaliyoota ukungu, yale yanayokataliwa kwa watu, huuzwa kwa bei ya chini kama "ya mbwa". Sumu ya ukungu huo, aflatoksini, haiondoki kwa kupikwa na huharibu ini. Mbwa anaacha kula, anatapika, ufizi unakuwa wa manjano, kinyesi kinakuwa cheusi, na mara nyingi dalili zikionekana ini limeshaharibika. Unga usioweza kuula wewe usimpikie. Mabaki ya katogo (mchanganyiko wa matoke) yenye vitunguu pia hapana, kwa sababu vitunguu huvunja seli nyekundu za damu. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kama vibanzi na kutoboa utumbo.

Hesabu hii ni ya mbwa mzima. Kwa mtoto, uwiano wa kalsiamu na fosforasi ni mgumu kuupata jikoni, kwa hiyo kama una fedha kidogo ya chakula cha dukani, itumie mwaka wa kwanza, ununue cha watoto wa mbwa wa umbo kubwa.

Nafuga ng'ombe, na kupe wamemmaliza shepadi wangu. Naweza kumwogesha kwa dawa ya ng'ombe? Jirani anasema nimdunge aivamektini, nusu mililita. Tangu juzi amepoa, hali, na mkojo ni mweusi. — Mfugaji, Nakasongola

Mzee, weka gazeti chini kwanza. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi ni damu inayovunjika, na kwa mbwa mwenye kupe ugonjwa wa kwanza kufikiriwa ni babesia, unaoletwa na kupe. Mfunue mdomo: ufizi mweupe ni dharura. Joto la kawaida la mbwa, likipimwa kwa njia ya haja kubwa, halizidi digrii 39.2. Afike kwa daktari leo apimwe damu. Dawa yake huchomwa kwa kipimo cha kilo, na mara nyingi hurudiwa baada ya siku 14. Daktari akikuta na erlikia, ugonjwa mwingine wa kupe, atakupa doksisaiklini ya siku 28 ya kumeza pamoja na chakula. Watu wengi huiacha siku ya tano wakiona mbwa amechangamka. Miezi baadaye anarudi akitoka damu puani.

Aivamektini, tafadhali usimdunge. Chupa ya ng'ombe ina miligramu 10 kwa mililita. Kipimo kinachotumika kumkinga mbwa na minyoo ya moyo ni maikrogramu 6 kwa kilo, yaani kwa mbwa wa kilo 30 ni maikrogramu 180. Hiyo ni chini ya mililita 0.02 ya chupa yako, kiasi ambacho bomba lako la sindano haliwezi kukipima. Nusu mililita ya jirani ni karibu mara 28 ya hapo. Na baadhi ya shepadi wana kasoro ya kurithi inayoiachia dawa hii ipenye ubongoni: anayumba, anatoa mate, haoni, analala asiamke. Dawa ya kuiondoa sumu hiyo haipo.

Dawa ya kuogeshea yenye amitrazi ya asilimia 12.5 huweza kutumika kwa mbwa mzima mwenye afya, na wako kwa sasa si mzima, kwa hiyo angoja apone. Kipimo ni mililita 2 kwa lita 1 ya maji, yaani mililita 20 kwa ndoo ya lita 10. Pima kwa bomba la sindano. Kifuniko cha chupa hakina kipimo. Vaa glavu, mpake kwa sponji kwenda kinyume cha manyoya, ndani ya masikio kwa uangalifu, katikati ya vidole, chini ya mkia. Usimsuuze. Akaukie kivulini bila kujilamba. Si ya watoto chini ya miezi minne wala jike mwenye mimba. Na usichanganye dawa mbili kwenye ndoo moja, kama wafugaji wengi wafanyavyo wanapoona kupe hawafi: kupe sugu hafi kwa mchanganyiko, lakini mbwa anaweza kufa. Kama uwezo upo, vidonge vya kutafuna vya kuzuia kupe ni salama na rahisi zaidi, ila mweleze daktari kama mbwa aliwahi kuwa na kifafa.

Hata hivyo, wale unaowaona mwilini ni wachache kuliko walioko bandani. Kupe wa kahawia wa mbwa akishiba hudondoka, hupanda ukutani, hutaga mayai maelfu kwenye nyufa. Ziba nyufa kwa saruji, choma matandiko, nyunyizia kuta mbwa akiwa nje mpaka zikauke, rudia baada ya wiki mbili.

Wetu wa miaka sita alikula saa 2 usiku, akacheza na watoto. Saa 5 tumbo limevimba kama ngoma, anajaribu kutapika hakitoki kitu. Alfajiri alikufa. Majirani wanasema wezi walimlisha sumu. — Fort Portal

Poleni sana. Kwa mlivyoeleza, haielekei kuwa sumu. Sumu za shambani ambazo wezi hutia kwenye nyama kwa kawaida hufanya mbwa atokwe na mate mengi, atapike kweli, aharishe, atetemeke misuli, na mboni za macho zisinyae. Tumbo kuvimba na kukakamaa, huku anajaribu kutapika bila kutoa chochote, ni tumbo lililojaa gesi likajipinda. Mlango wa juu na wa chini vyote hufungwa, damu haifiki, moyo unashindwa. Huwapata mbwa wenye kifua kirefu kama shepadi, hasa wakubwa wanaokula mlo mmoja mkubwa kwa pupa.

Hakuna dawa ya nyumbani. Maziwa, mafuta au maji ya magadi havipiti, na vinaweza kuingia mapafuni. Anahitaji daktari wa kumtoa gesi na kumpasua ndani ya saa chache. Kwa hiyo mwenye shepadi aulize mapema ni kliniki gani karibu naye inayopasua mbwa usiku, aandike namba yao karibu na mlango, na ajue gari litatoka wapi.

Mkichukua mwingine, mgawieni chakula mara mbili au tatu, saa moja kabla na saa moja baada ya kula asikimbie. Akila kwa pupa, wekeni jiwe safi kubwa kuliko mdomo wake katikati ya bakuli ili alazimike kula akizunguka. Na jioni, watoto wakitaka kucheza naye, wacheze kwanza, ale baadaye.